Kuipiga Msasa Tamthilia ya Kisayansi Iliyojengwa kwa Nyimbo za Bendi ya Roki

Tamthilia ya jukboksi huanza kinyumenyume: nyimbo hutangulia, hadithi hufuata. Mwandishi anazikuta nyimbo zimeshatoka kwenye santuri, zimeshapigwa redioni na harusini, na kila mtu ana kumbukumbu zake nazo. Ukiongeza bunilizi ya kisayansi, mambo yanazidi kuwa magumu, maana dunia nzima ni ya kubuni na mtazamaji lazima afundishwe sheria zake. Kwa tiketi moja unampa mtu nyimbo anazozijua kuliko wewe na ulimwengu asioujua hata kidogo. Ndiyo maana rasimu ya kwanza huelemea upande mmoja. Ama inakuwa tamasha la muziki lenye maelezo katikati, ama inakuwa mhadhara kuhusu karne zijazo unaokatizwa na magitaa.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana rasimu hiyo mkononi. Mfano nitakaoutumia ni We Will Rock You, tamthilia ya nyimbo za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, iliyoandikwa na mchekeshaji Ben Elton. Ilifunguliwa katika ukumbi wa Dominion, London, tarehe 14 Mei 2002, ikafungwa 31 Mei 2014. Mwaka 2023 ilirudi London, katika ukumbi wa Coliseum, na Elton mwenyewe akapanda jukwaani kuigiza. Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, na kwamba familia yake iliondoka 1964. Lakini sikuichagua kwa sababu hiyo. Nimeichagua kwa sababu imefanyiwa marekebisho hadharani kwa miaka ishirini, na hata makosa yake yanafundisha.

Kisa chenyewe kwa ufupi: ni miaka 300 ijayo. Dunia imemezwa na kampuni moja, Globalsoft, chini ya mtawala anayeitwa Killer Queen. Ala za muziki zimepigwa marufuku, watoto wote wanasikiliza muziki uleule uliotengenezwa na kompyuta. Kijana Galileo anasikia kichwani maneno ya nyimbo asizojua zimetoka wapi. Anakutana na Scaramouche, msichana mwenye ulimi mkali, wanaangukia mikononi mwa waasi wanaojiita Wabohemia, kisha wanaanza kulitafuta gitaa lililofichwa.

Hatua ya 1: Maliza habari ya haki kabla ya kugusa kalamu

Kama tamthilia ni ya mtu mwingine na kikundi chako kimekodi haki ya kuiigiza, usirekebishe chochote kabla hujausoma mkataba. Kwa kawaida mikataba hiyo inakataza kubadili mazungumzo, kuondoa wimbo, kubadili jinsia ya mhusika au kutafsiri bila ruhusa ya maandishi. Unachoruhusiwa kurekebisha ni uongozaji: mavazi, mwendo, taa, mandhari. Humo napo mna kazi kubwa, na hatua ya 3 na ya 4 bado zitakufaa.

Kama hadithi ni yako na nyimbo ni za bendi, ujue kwamba kibali kile wanachokata wenye baa, hoteli na vituo vya redio hakikutoshi. Kile ni cha kupiga wimbo hadharani. Kumpa mhusika wimbo aimbe ndani ya hadithi ni haki nyingine, na unaiomba moja kwa moja kwa mchapishaji wa wimbo. Omba mapema, na uwe na nyimbo kadhaa za akiba. Ukinyimwa wimbo mmoja uliobeba mgogoro wote wa sehemu ya pili, umerudi mwanzo. Elton hakuwa na shida hiyo kwa kuwa Brian May na Roger Taylor, mpiga gitaa na mpiga ngoma wa Queen, walikuwa ndani ya mradi wenyewe. Wengi wetu hatuna bahati hiyo.

Hatua ya 2: Soma mswada bila nyimbo

Chapisha nakala ambayo kila wimbo umeondolewa na mahali pake pana mstari mmoja tu: nani anaimba. Kisha soma kwa sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho, ikiwezekana kwa mkao mmoja. Uchungu utaupata hapa. Vichekesho vilivyokuwa vikibebwa na furaha ya wimbo uliopita vitaanguka chini. Utaona mazungumzo yaliyowekwa kwa kazi moja tu, ya kumfikisha mhusika kwenye kichwa cha wimbo unaofuata. Mtu anasema jambo lisilo la kawaida kabisa ili mwenzake apate sababu ya kuanza kuimba. Yawekee alama mazungumzo hayo. Hadhira ya Uingereza hucheka ikiona ujanja huo mara ya kwanza, na Elton aliutumia makusudi kama utani. Mara ya sita hacheki mtu.

Hatua ya 3: Uhoji kila wimbo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa utumie muda mrefu kuliko popote.

Maneno ya kanga hayabadiliki yakishachapwa. Maana yake hutegemea nani kaivaa na anapita mbele ya mlango wa nani. Nyimbo za bendi ni hivyohivyo. Huna ruhusa ya kuandika upya ubeti, lakini una uhuru wa kuchagua mwimbaji, mlengwa na saa ya kuimba, na hivyo vitatu vinatosha kugeuza maana nzima.

Tazama Radio Ga Ga. Roger Taylor aliitunga, ikatoka mwaka 1984, kama malalamiko ya mtu aliyeipenda redio na anaiona ikipoteza nafasi yake kwa video. Katika tamthilia wimbo umewekwa midomoni mwa vijana wa Globalsoft, wanaovaa sare na kufikiri sare. Huzuni imetoweka, na maneno yaleyale yamekuwa kaulimbiu ya watu waliokaushwa akili. Another One Bites the Dust ya John Deacon, mpiga besi wa Queen, ya mwaka 1980, imekwenda kwa mtawala, na mdundo ule wa besi umekuwa majigambo ya mwenye nguvu. No-One But You, ambayo Brian May aliiandika kumkumbuka Mercury na ikatoka 1997, anapewa Meat, mwanamke wa Wabohemia, kuwaombolezea wanamuziki waliokufa wangali vijana. Huo wa mwisho ndio mahali ambapo tamthilia nzima inaacha mzaha, na kwa maoni yangu ndio wimbo uliopangwa vizuri kuliko wote, kwa sababu ombolezo la bendi na ombolezo la mhusika ni kitu kimoja.

Kwa kila wimbo andika majibu manne pembeni mwa ukurasa. Nani anaimba? Anamwambia nani? Anataka nini? Wimbo ukiisha, nini kimebadilika?

Swali la pili ndilo linaloangusha wengi. Nyimbo za roki zimejaa "wewe" asiye na sura. Kwenye santuri haidhuru, kila msikilizaji anamweka mtu wake. Jukwaani "wewe" lazima awe amesimama mahali fulani, na mwigizaji lazima ajue amtazame nani. Akikosa, ataitazama hadhira, na hapohapo mhusika anakufa na kubaki mwanamuziki kwenye tamasha. Ukiona katika mazoezi waigizaji wanageukia watazamaji kila kiitikio kinapofika, usiwalaumu. Rudi kwenye mswada.

Swali la tatu linakuonyesha nyimbo za kushika na za kuachia. Wimbo wenye "nataka" ndani yake ni mali. Queen wanazo nyingi: I Want to Break Free, I Want It All, Somebody to Love. Scaramouche, msichana anayechekwa na wenzake, akiimba kwamba anatafuta mtu wa kumpenda, hakuna la kuongeza. Wimbo unaoeleza sifa za mtu, kama Killer Queen wa 1974, una kazi moja tu, kumwingiza mhusika jukwaani. Ukishaifanya kazi hiyo usiurudie.

Swali la nne likikosa jibu, una njia kadhaa. Uhamishe wimbo. Ugawanye, nusu iimbwe kabla ya tukio na nusu baada yake. Umpe mhusika mwingine, hasa adui. Uingize mazungumzo katikati ya beti ili jambo litendeke wakati muziki unaendelea. Au uuache kabisa, hata kama ndio unaoupenda wewe. Nadhani sehemu moja ya tamthilia inaweza kuvumilia wimbo mmoja usiobadilisha kitu, ulio wa furaha tu. Ya pili ikija, watu wanaanza kutazama saa.

Halafu kuna wimbo ambao hauingii popote. Bohemian Rhapsody ina kisa chake yenyewe: kijana anamwambia mama yake kwamba ameua mtu, kisha inageuka opera, kisha roki. Ni dakika karibu sita, na hakuna hadithi nyingine inayoweza kukaa ndani yake bila kupasuka. Elton alichukua kutoka humo majina ya Galileo na Scaramouche na jina la waasi, na wimbo wenyewe akautoa nje ya hadithi. Kisa kimekwisha, watu wamepiga makofi, ndipo unakuja kama zawadi. Hilo ni suluhisho zuri kuliko linavyoonekana. Ukiwa na wimbo mkubwa wa namna hiyo, tumia majina yake na picha zake, wenyewe uuweke mwisho kabisa.

Hatua ya 4: Andika sheria ya dunia yako kwa sentensi moja

Katika bunilizi ya kisayansi ya kawaida unaweza kujenga dunia yenye sheria kumi. Hapa huna nafasi. Nyimbo ishirini zimeshakula zaidi ya saa nzima. Sheria iwe moja, na iwe inahusu muziki wenyewe. "Ala za muziki zimepigwa marufuku" ni sheria nzuri kwa sababu mara moja inafanya kila wimbo uwe kosa la jinai. Kuimba kunakuwa hatari, na hatari ndiyo hadithi. Vyombo vya anga, silaha na majina ya sayari ni mapambo. Ukiweza kuviondoa na kisa kisitikisike, viondoe.

Sheria ikishaandikwa, ipitishe kwenye kila ukurasa ukitafuta mahali unapoivunja bila kujua. We Will Rock You yenyewe ina ufa hapa. Kama roki imesahaulika, kwa nini adui naye anaimba roki tangu mwanzo? Watazamaji wanasamehe kwa sababu wamekuja kusikia Queen. Wewe usitegemee msamaha. Gawa nyimbo zako mafungu mawili: zile ambazo wahusika wanajua kwamba wanaimba, na zile ambazo ni sauti ya moyo tu, ambazo katika dunia yao hazisikiki. Kisha wasaidie watazamaji kutofautisha kwa sauti badala ya maelezo. Nyimbo za upande wa watawala zipigwe kwa kinanda cha umeme na ngoma za mashine, bila gitaa hata moja. Gitaa halisi lisisikike mpaka mhusika alishike. Utalazimika kumnyima mpiga gitaa wako raha kwa nusu saa au zaidi, na atanung'unika, lakini noti ya kwanza ikitoka ukumbi mzima utaielewa sheria ya dunia yako bila mtu kusema neno.

Hatua ya 5: Kagua umri wa kesho yako

Nyimbo nzuri hazizeeki haraka. Kesho ya kubuni inazeeka haraka sana.

Mwaka 2002 hofu ilikuwa nini? Napster, huduma ya kugawana nyimbo bure mtandaoni, ilikuwa imefungwa mwaka uliotangulia, shindano la kutafuta waimbaji la Pop Idol lilikuwa limeanza kwenye televisheni ya Uingereza Oktoba 2001, na watu wakaona muziki unageuka bidhaa ya kiwandani. Dunia ya tamthilia ikaitwa Planet Mall, sayari ya maduka. Baadaye ikawa iPlanet, kwa mzaha wa bidhaa za Apple. Leo kuna programu zinazotunga wimbo mzima kwa kuandikiwa sentensi moja, na hofu ile ya kompyuta kutunga muziki wa watoto wote haichekeshi tena kama zamani, maana imefika. Mwenye kurekebisha ana kishawishi cha kubadili majina tu: toa jina la kifaa cha zamani, weka cha sasa. Baada ya miaka mitano atabadili tena. Ni afadhali urudi kwenye chanzo. Nani anafaidika watu wote wakisikiliza kitu kimoja? Swali hilo lilikuwa hai mwaka 2002 na liko hai sasa. Mazungumzo yajengwe juu yake, na kifaa kiwe cha kubuni, chenye jina lako mwenyewe.

Vichekesho vya majina ya wasanii navyo vinaoza. Wabohemia wanajiita kwa majina waliyoyaokota kwenye mabaki ya kale bila kujua ni ya nani. Kwa hiyo mwanaume mwenye misuli anajiita Britney Spears. Mwaka 2002 kila mtu ukumbini alimjua Britney. Kanuni ninayopendekeza: mzaha ubaki wa kuchekesha hata kwa asiyemjua mwenye jina. Kama kinachochekesha ni kwamba mhusika anajivunia jina ambalo halielewi, mzaha utadumu. Kama kinachochekesha ni habari za magazeti za mwaka ule, ufute.

Kuna majina yanayobadilishwa uzito na dunia yenyewe. Mkuu wa polisi wa siri wa Globalsoft anaitwa Khashoggi, jina lililomo katika wimbo wa Queen wa mwaka 1989. Mwaka 2018 mwandishi wa habari Jamal Khashoggi aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul. Tangu hapo jina hilo likitajwa kwa mtu wa polisi wa siri jukwaani, sehemu ya ukumbi inatoka nje ya hadithi. Katika onyesho la 2023 jina lilibaki. Mimi ningelibadilisha, nikakosa utani mmoja wa mashabiki na kupata adui ambaye watu wanaweza kumcheka bila kusita. Chukua orodha ya majina yako yote, wahusika na mahali, uyatafute kwenye habari za miaka ya karibuni kabla mswada haujaenda kwa waigizaji.

Na angalia wanawake wanavyozungumziwa. Nyimbo za roki za miaka ya 1970 zina maneno ambayo leo mwigizaji wa kike atayaimba kwa shingo upande. Huwezi kuyafuta, lakini rudi kwenye hatua ya 3: mpe yeye mwenyewe wimbo huo aumiliki, au uache.

Hatua ya 6: Sauti na urefu

Mercury alikuwa na sauti iliyopanda mahali ambapo wanaume wengi hawafiki, na mwigizaji wako anatakiwa kufika huko katika maonyesho nane kwa wiki. Shusha nyimbo mapema, kabla bendi haijazoea. Usione haya. Wimbo ulioshushwa kidogo ukaimbwa kwa nguvu unasikika bora kuliko wa asili ulioimbwa kwa woga.

Solo za gitaa zikatwe, isipokuwa moja au mbili ambazo jambo linatendeka juu yake. Ubeti wa pili mara nyingi unasema yaleyale ya wa kwanza, ukiweza, utoe. Na kumbuka kwamba wimbo maarufu ukianza, watu hupiga makofi na vigelegele kwa sekunde kadhaa. Usiweke habari muhimu hapo. Vilevile usiweke mazungumzo baada ya We Will Rock You. May aliutunga mwaka 1977 baada ya kusikia umati ukiimba wenyewe kwenye ukumbi mmoja kule Stafford, na aliupanga makusudi kwa miguu na viganja vya watu. Watu wakishapiga miguu hawarudi kusikiliza maelezo ya njama. Kila bendi ina wimbo wa namna hiyo. Tafuta wa bendi yako na uhakikishe kisa kimefungwa kabla haujaanza.

Hatua ya 7: Wasomee wasiozijua nyimbo

Fanya usomaji wa mezani na kinanda kimoja, bila maikrofoni, bila taa. Nusu ya wasikilizaji wawe mashabiki wa bendi, nusu wawe watu wasioijua. Mashabiki watakuambia nyimbo zipi zimekosekana, jambo ambalo unalijua tayari. Wale wengine ndio wa kuwasikiliza. Waulize: Galileo anataka nini? Kwa nini alikamatwa? Ulichoka wapi? Usiwaeleze chochote. Wakianza kujibu kwa kuuliza, andika swali lao neno kwa neno, maana hilo ndilo tundu la mswada wako.

Lakini usikubali kila kitu. Mwaka 2002 wahakiki wa London waliichana vibaya We Will Rock You. Watu wakaja kwa miaka 12. Our House, ya nyimbo za bendi ya Madness, yenye hadithi iliyofumwa kwa ustadi zaidi, ilipata tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya maigizo ya London, ya tamthilia mpya bora ya muziki mwaka 2003, na ikafungwa mwaka huohuo. Kwa hiyo mtu akikuambia kisa ni cha kitoto, kwanza muulize kama alicheka. Utani wa tamthilia kujicheka yenyewe unaweza kuwa ndio nguzo, na ukiung'oa kwa kutafuta heshima utabaki na bunilizi dhaifu yenye nyimbo za watu.

Hatua ya 8: Funga mswada

Panga siku ambayo baada yake hakuna neno linalobadilika, wiki mbili kabla ya onyesho la kwanza ikiwezekana. Marekebisho ya mwisho yachapishwe kwenye karatasi za rangi tofauti zenye tarehe juu, ili mtu wa taa, mpiga ngoma na mwigizaji wote wawe wanasoma kitu kimoja. Bendi ndiyo huathirika zaidi na mabadiliko ya dakika za mwisho: sentensi mbili zikiondolewa kwenye mazungumzo, mpiga kinanda anayepiga chini yake anabaki na vipimo vinne vya muziki visivyo na kazi. Mpigie simu kabla hujazifuta.